Kilomita 325

Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019, baada ya misa, nilikaa juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa garaji letu hapa Kamalondo, Lubumbashi, simu mkononi, nikiomba megabaiti zisiishe kabla ya zamu ya gari nililolingojea. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya bati, juu ya benchi, juu ya makopo ya grisi. Majira hayo saa ya Uswisi na saa ya Lubumbashi ni moja, kwa hiyo sikuwa na hesabu ya kupiga: alasiri yao ilikuwa alasiri yetu.

Huko Chéserex, kijiji kisicho mbali na Geneva, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya abasia ya kale ya Bonmont, nyumba ya mnada ya Bonhams ilikuwa inauza magari 25 yaliyokuwa ya mtu mmoja. Bugatti ilikuwemo, Koenigsegg ilikuwemo, na Ferrari, McLaren, Aston Martin. Yote yaliuzwa bila bei ya chini iliyofichwa, maana yake dalali hana ruhusa ya kulirudisha gari ghalani akiona watu wanataja pesa ndogo. Atakayewapita wenzake, hata kwa bei gani, ndiye anaondoka nalo. Mimi nilikuwa nangoja moja tu: Lamborghini Veneno Roadster, rangi ya maziwa.

Veneno ilitoka mwaka 2013, Lamborghini ilipotimiza miaka 50. Kwanza yalitengenezwa magari yenye paa, matatu kwa wateja na moja likabaki kiwandani. Kisha yakaja yasiyo na paa, tisa kwa dunia nzima. Na ninaposema halina paa, halina kabisa: hakuna turubai la kukunjua, mvua ikikukuta njiani unalowa na viti vyako. Kiwiliwili ni cha nyuzi za kaboni. Nyuma ya mgongo wa dereva kuna injini ya mitungi 12, lita 6.5, nguvu za farasi 750. Mwendo wake wa juu ni kilomita 355 kwa saa. Jipya liliuzwa euro milioni 3.3 kabla ya kodi. Jina ni la fahali wa mapigano wa Hispania aliyemuua mpiganaji wake mwaka 1914, na neno lenyewe kwa lugha yao ni sumu.

Waliokadiria walikuwa wamesema litafika kati ya franka za Uswisi milioni 4.5 na 5.5. Nyundo iligonga kwenye milioni 7.2. Ukiongeza ada ambayo mnunuzi huilipa nyumba ya mnada, ikawa milioni 8.28. Kijana anayejifunza kazi kwetu alikuwa anachungulia begani kwangu. Hakuuliza lolote kuhusu bei. Aliuliza swali ambalo kila mtoto wa garaji huanza nalo: limeshatembea kilomita ngapi?

Nikarudi kwenye maelezo, nikatafuta. Kilomita 325.

Kwa mtu wa Katanga, eneo letu hili la migodi, namba hiyo ina sura. Ni barabara ya kutoka hapa mpaka Kolwezi, na kidogo cha kuzungukia mjini ukishafika. Unaondoka alfajiri, kwenye kilomita 120 hivi unapita Likasi, unakaa nyuma ya malori yaliyobeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti, unafungua dirisha, unafunga dirisha, na kabla ya jioni umefika. Safari moja ya kwenda, bila ya kurudi. Gari lenye injini ile, kifua kile, lililojengwa kwa mikono ya watu wanaojua kazi, lilikuwa limeishi miaka yake yote kwa safari moja ya Kolwezi.

Kijana akasema, "Sasa hata haijakata roda." Alikuwa sahihi. Injini mpya inahitaji kuzoea: ringi za pistoni zinahitaji kujisugua na kuta za mitungi mpaka zifahamiane, na hiyo ni kazi ya kilomita nyingi kuliko hizo. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelipa franka milioni 8 alinunua kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukilalia, na alikilipia zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Hilo ndilo linalonishughulisha mpaka leo, na ndilo nililokaa kuliandika.

Nyumba ya mnada haiuzi gari peke yake. Ukisoma kwa makini maelezo wanayoyatoa kabla ya siku yenyewe, utaona nusu ya maneno yanahusu karatasi. Namba ya chasisi. Namba ya injini, na kama ni ile ile iliyogongwa kiwandani. Nani alilinunua kwanza, akamwuzia nani, mwaka gani. Kitabu cha huduma chenye mihuri. Funguo ngapi, vifaa vya kufungulia magurudumu vipo au havipo, rangi ni ya kwanza au lilipakwa upya. Gari lisilo na habari zake, hata liwe zuri vipi, hushuka bei. Kiswahili kina methali ya hayo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Papa, yaani baba yangu, alilijua hilo bila kufika kwenye mnada wowote. Alikuwa na daftari la mistari ya miraba, la shule, na likijaa alinunua jingine. Yalikaa kwenye debe la mafuta alilolifungua kwa patasi na kuliosha kwa mafuta ya taa. Kila gari lililoingia lilipata mstari wake: tarehe, namba ya gari, kilomita, ugonjwa, kilichofungwa, nani alilileta. Mwandiko wake ulilala upande wa kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mtu akija kununua gari mtaani alipita kwanza kwa Papa kuuliza, na Papa alifungua daftari akaweka kidole chenye grisi juu ya mstari. Nimeona bei ikipanda kwa sababu ya kidole hicho, na nimeona mauzo yakivunjika.

Ila katika madaftari ya Papa kilomita nyingi ni sifa. Toyota iliyofika laki nne na injini yake ya kwanza aliizungumzia kama watu wanavyomzungumzia bibi aliyezaa watoto kumi na bado anapalilia shamba. Mnadani mambo yamegeuka. Kule kilomita ni doa, na kila moja inayoongezeka inakula pesa.

Kwa nini linanigusa hivi? Kwa sababu ya Peugeot 504.

Upande wa Katuba, mtaa mwingine wa hapa mjini, kuna mama mmoja ambaye marehemu mume wake alikuwa mteja wa Papa tangu mimi sijazaliwa. Gari lake lilikuwa 504 ya bluu. Watu wa umri wangu hatuhitaji kuelezwa 504 ni nini. Ilianza kutengenezwa mwaka 1968, ikawa gari la mwaka la Ulaya mwaka 1969, na Afrika ikaifanya yake kwa sababu ilivumilia barabara zetu na kila fundi aliweza kuifungua. Mzee alipofariki, mama aliomba gari liwekwe chini ya mwembe uani kwake, lifunikwe turubai, lisiguswe. Wanae walitaka kulitumia kwa biashara. Alikataa. "Hii mutuka iko ya baba yenu," alisema, "itabakia vile aliiacha." Na kwa miaka 11 ilibaki.

Mwaka 2017 kitinda mimba wake alikuwa anaolewa. Binti alitaka apelekwe kanisani na gari la baba yake. Mama akakubali, akaja mwenyewe garajini, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akamwomba Papa. Papa wakati huo mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, akanituma mimi. Tulikuwa na wiki tatu.

Nilivuta turubai, nikaona gari limekaa kama lilivyoachwa. Rangi ilikuwa nzuri kuliko ya magari mengi yanayotembea mjini. Kwenye dashibodi kulikuwa na kalamu ya bluu na risiti ya petroli ambayo wino wake ulikuwa umeshafifia. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea umbo la mzee. Nilielewa mara moja kwa nini mama hakutaka mtu akalie pale.

Kisha nikaanza kazi yangu, na kila nilipogusa palikuwa na kifo kidogo. Nilifungua tangi: petroli ilinuka kama vanishi, na kijiti nilichokitumbukiza kilitoka na gundi ya kahawia. Tairi zilikuwa zimekaa upande mmoja miaka yote, zimekuwa na bapa chini, na mpira wake ulipasuka nilipoubonyeza kwa kidole gumba. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata gari likiwa limelala, na maji yale yalikuwa yamekula silinda za magurudumu mpaka pistoni zake ndogo zikashikana na kuta. Mipira ya kuzuia mafuta ilikuwa imekauka kama ganda la karanga. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kichujio cha hewa, na walikuwa wametafuna plastiki ya nyaya, wakaiacha shaba uchi, nyekundu, inang'aa. Kazi yangu kubwa ni umeme wa magari, kusuka upya altaneta na stata, kwa hiyo shaba naishika kila siku. Kuiona imevuliwa vile kuliniuma.

Injini ilikuwa imekwama. Nilitoa buji (plagi) zote nne, nikamimina mafuta kidogo katika kila mtungi, nikarudisha matambara juu ya matundu, nikaenda nyumbani. Kesho yake nikaongeza. Siku ya tatu niliweka spana kubwa kwenye boliti ya puli ya krenki, nikaegemea polepole. Mtu akitumia nguvu pale anavunja ringi, na ringi ikivunjika umeua kabisa. Haikusogea. Siku ya tano pia. Siku ya sita nilisikia kitu kama kidole kinachovunjwa, tik, na puli ikaenda upana wa kucha.

Arusi ilifika kabla ya gari kuwa tayari. Binti alipelekwa kanisani na gari la kukodi, jeupe, lenye riboni. Nilihudhuria, na nilikaa nyuma kwa sababu sikuweza kumtazama mama. Baada ya chakula alinifuata. Sikutegemea alichoniuliza. "Mutoto yangu, ni mimi niliiua?"

Sikuwa na jibu. Papa, aliyekuwa amekaa karibu na sahani yake ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), ndiye aliyejibu. "Haikufa, mama. Mipira njo imekauka. Mutuka inapakaa mafuta yake yenyewe ikitembea. Ikisimama, hakuna mutu wa kuipakaa."

Yote aliyoyasema ni ufundi. Ndani ya injini na giaboksi mafuta hurushwa na vyuma vinavyozunguka, yanalowesha mipira na kuta. Vyuma visipozunguka, mafuta hushuka chini yakatulia kwenye sufuria, na kule juu chuma kinabaki kikavu na hewa yenye unyevu. Ni hivyo kwa 504 ya Katuba, na ni hivyo kwa Veneno. Kaboni haiozi, lakini ndani ya kaboni mna mipira, mna petroli, mna betri, mna mafuta ya breki. Mwenye pesa anaweza kuweka gari lake katika chumba cha hewa iliyopimwa, akaajiri mtu wa kuliwasha na kubadilisha kila kinachozeeka. Ni sawa na kumlisha mgonjwa kwa mrija: anaishi.

McLaren F1 inalionyesha hili kuliko gari lolote. Kwa maoni yangu ndilo gari bora lililowahi kujengwa na binadamu. Lilibuniwa na Gordon Murray, likatengenezwa miaka ya 1992 hadi 1998, jumla 106 ukihesabu na yale ya mashindano. Dereva anakaa katikati, abiria wawili nyuma yake kidogo, mmoja kila upande. Injini ni ya BMW, mitungi 12, lita 6.1, na chumba chake kimevikwa karatasi ya dhahabu halisi kwa sababu dhahabu hurudisha joto vizuri. Mwaka 1998 lilifika kilomita 386 kwa saa.

Sasa, gari hilo tangi lake la petroli ni mfuko maalumu wa mpira, na mfuko huo unatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka mitano. Ili kuufikia, injini inatolewa nje. Liwe limetembea kilomita laki moja au halijatoka mlangoni, miaka mitano ikifika, injini nje. Na ili kuzungumza na kompyuta ya gari, mafundi wa McLaren kwa miaka mingi waliendelea kutumia kompyuta ndogo za Compaq za miaka ya 1990, kwa sababu kadi maalumu ya kuunganishia ilitengenezwa kwa ajili ya mashine hizo. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Sisi pia tunatunza vifaa vizee kwa sababu gari fulani halikubali kingine, na nilihisi wale mafundi wa Uingereza ni ndugu zetu wa kazi.

Mwezi Agosti 2021, kwenye mnada wa Gooding & Company huko Pebble Beach, California, F1 yenye chasisi namba 029 iliuzwa dola 20,465,000. Nyundo iligonga kwenye milioni 18.6, kilichobaki ni ada. Ilikuwa rangi ya kahawia, ilinunuliwa mpya na mtu wa Japani mwaka 1995. Kilomita 390. Miaka 26, kilomita 390. Ukitoka hapa na 390 utafika Kolwezi, utaendelea mbele kidogo, kisha utasimama.

Ningependa kuwa mwadilifu kwa wanaoyafungia magari haya, kwa sababu kuna kitu walichonifundisha bila kujua. Nilipokuwa narudisha mirija ya kabureta ya 504, nilikuta mmoja haupo na mwingine umechomekwa mahali ambapo, kwa akili yangu, haukustahili. Papa alibadilisha mengi miaka ile, kulingana na vipuri vilivyopatikana. Vitabu vilituchanganya. Kilichonisaidia ni picha ya mtandaoni ya 504 ambayo mtu wa Ulaya ameifungia tangu ilipotoka dukani, haijaguswa hata skrubu. Niliikuza picha mpaka nikaona kila mrija unaingia wapi, hata rangi ya kibanio chake. Gari lile lililofungiwa lilikuwa kamusi. Siku moja, atakayetengeneza McLaren F1 iliyogongwa atahitaji kuitazama namba 029 ajue waya ulipita wapi na rangi ilikuwa nzito kiasi gani. Wakusanyaji husema gari huwa asilia mara moja tu katika maisha yake, na wako sahihi. Dunia inahitaji kamusi chache.

Lakini kamusi chache tu. Sio zote.

Kuna F1 nyingine ninayoipenda zaidi, ile ya Rowan Atkinson, mchekeshaji wa Uingereza ambaye hata watoto wa Katuba wanaijua sura yake. Aliinunua mwaka 1997. Aliiendesha kwenda dukani, aliiendesha kwenda safari. Aliigonga mwaka 1999, ikatengenezwa. Mwaka 2011 aliigonga tena, vibaya, na bima ikalipa karibu pauni 910,000 za matengenezo, kazi iliyochukua zaidi ya mwaka. Ilipotoka hakuifunika turubai, akaendelea kuiendesha. Alipoiuza mwaka 2015 ilikuwa na zaidi ya maili 41,000, kama kilomita 66,000, na bado ilimletea pauni zipatazo milioni 8, wakati aliinunua kwa kama 540,000. Kilomita hazikuila, na ajali mbili hazikuila. Kila kilichotokea kiliandikwa, na waliorekebisha walikuwa wenyewe waliolijenga.

Na gari lililouzwa ghali kuliko yote mnadani, Mercedes-Benz 300 SLR ya Rudolf Uhlenhaut, euro milioni 135 mwezi Mei 2022, ndani ya makumbusho ya kampuni hiyo huko Stuttgart? Ya aina hiyo yenye paa yalijengwa mawili tu, mwaka 1955, kwa mashindano. Kisha kwenye mbio za Le Mans za mwaka huo gari la Mercedes liliruka likaangukia watazamaji, watu zaidi ya 80 wakafa, na mwisho wa msimu kampuni ikajitoa kwenye mbio. Magari yale mawili yakakosa kazi. Uhlenhaut, mhandisi aliyeyabuni, akachukua moja akalifanya gari lake la kazini, akalitembeza kwenye barabara za kawaida kati ya watu waendao sokoni. Kelele zake zilikuwa kubwa mno. Nadhani sehemu ya bei ile ni hiyo: watu wanamwona mzee wa tai na koti akilivuta gia. Bila yeye lingekuwa chuma kizuri kilichokosa bahati.

Narudi Chéserex, maana bado sijasema magari yale 25 yalikuwa ya nani. Yalikuwa ya Teodoro Nguema Obiang Mangue, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta na mwana wa rais wake. Waendesha mashtaka wa Geneva walifungua jalada mwaka 2016 wakayakamata. Februari 2019 jalada likafungwa kwa makubaliano kwamba magari yauzwe na pesa zirudi kwa wananchi wa nchi ile kupitia miradi ya kijamii. Mahakama za Ufaransa, katika kesi nyingine, zilimkuta na hatia ya kujipatia mali kwa fedha za umma, na hukumu ikawa ya mwisho mwaka 2021. Mauzo ya siku ile yalifika franka milioni 23.4 hivi.

Guinea ya Ikweta ni nchi ndogo yenye mafuta. Sisi ni nchi kubwa yenye shaba na kobalti. Nilipokuwa nimekaa juu ya lile tairi, nyuma yangu njiani lilipita lori la mabamba ya shaba, la tatu siku ile, likielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na nikaona nyaya za Veneno mbele ya macho yangu. Zipo ndani yake nyaya nyingi, na nyaya ni shaba. Sijui zilitoka mgodi gani, na wala mgodi hauhitaji kuwa wetu ndipo jambo hili liniume. Mali imetolewa ardhini na watu wanaotoka jasho, imegeuzwa gari, gari likafungiwa, halikumfikisha mtu yeyote popote isipokuwa kilomita 325. Mtu angaliitumia, angaliiendesha barabara ya Malabo, mjini kwao, kila Jumapili watoto wakalikimbilia, ningalikuwa na hasira ile ile juu ya pesa, lakini juu ya gari nisingekuwa na huzuni. Gari halina kosa. Lilijengwa vizuri likanyimwa kazi yake.

Mezani kwangu nina daftari la mwaka 2017, kwa sababu ndilo la mwisho ambalo Papa alilisimamia. 504 iliwaka miezi miwili baada ya arusi, siku ya Jumanne asubuhi, kwa moshi mweupe uliojaza uani mpaka majirani wakatoka. Tulikuwa tumebadilisha breki zote, mipira yote niliyoifikia, tangi nimelichemsha na kulisugua kwa mnyororo, altaneta nimeisuka upya kwa waya wangu mwenyewe. Kiti cha dereva sikukigusa. Mama alisimama mlangoni mwa nyumba, kitenge kimefunika mdomo. Kijana wake mkubwa alikaa kwenye usukani, akateremka, akamtazama mama yake, na mama akamwonyesha kwa mkono: kaa, twende. Akazunguka mbele, akafungua mlango wa abiria, akaingia.

Walizunguka Katuba, wakapita mtaa wa Kenya, wakarudi. Saa ya kilomita ya gari lile ina namba tano tu, zilishazunguka mara moja au mbili enzi za mzee, na zilikuwa zimesimama kwenye 41,873 tangu alipozima injini mara ya mwisho. Waliporudi zilisomeka 41,882. Mama aliinama akazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani atalia, au atasema tulifunike tena. Aliuliza kama petroli iliyobaki inatosha.

Jioni ile Papa alinipa kalamu, kwa sababu mkono wake haukuandika tena, akasema niandike yeye akitamka. Tarehe. Namba ya gari. 41,882. Breki mpya, mipira mipya, altaneta imesukwa. Silinda ya nyuma kushoto bado inatoa jasho kidogo, asiende mbali, arudi Jumamosi.

Jumamosi mama alirudi. Kabla ya kufungua boneti nilisoma namba: 41,949. Alikuwa amekwenda Kipushi kumwona dada yake.